Bomba la Moshi la Gari Lenye Turbo: Lipi Lifaalo Katika Uwanda wa Dodoma?

Abiria aondokaye Dar es Salaam kwa gari kwenda Dodoma huanza safari yake karibu na usawa wa bahari. Baada ya kilomita zipatazo 450, akiisha kupita Morogoro na Gairo, hufika katika uwanda ulio mita 1,100 na zaidi juu ya bahari. Yeye mwenyewe haoni tofauti kubwa katika pumzi zake, lakini injini iliyomleta huiona. Kanieneo ya hewa, ambayo pwani ni kilopaskali 101 hivi, Dodoma hushuka hadi kufikia takriban kilopaskali 89. Kwa hiyo silinda ya injini, ingawa ujazo wake haukubadilika, huvuta hewa iliyo nyepesi zaidi, yenye oksijeni pungufu. Injini ya kawaida hupoteza kiasi cha sehemu moja katika kumi ya nguvu zake.

Dawa ya upungufu huo imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya mtambo wa kusukuma hewa ndani ya injini kwa kutumia nguvu ya moshi wa injini hiyohiyo. Mtambo wa namna hiyo siku hizi huitwa turbo, nao umo katika malori yapitayo Dodoma kuelekea Singida na nchi jirani, katika magari ya safari za mashambani yatumiayo dizeli, na katika magari mengi madogo ya petroli yaliyoletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika.

Injini yenye turbo hulitegemea bomba la moshi kuliko injini nyingine yoyote. Ndiyo sababu, bomba linapooza au kuziba, mwenye gari hukabiliwa na uamuzi mgumu kuliko anavyodhani. Akikosea, hasara haitakuwa yake peke yake.

Moshi unaofanya kazi mara mbili

Turbo ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika mhimili mmoja. Moshi wenye joto kali unapotoka katika silinda hupiga gurudumu la kwanza, liitwalo tabini, na kulizungusha. Gurudumu la pili, lililo upande wa hewa safi, huzunguka pamoja nalo na kuikandamiza hewa iingiayo katika injini. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja.

Kinachoizungusha tabini ni joto la moshi pamoja na tofauti ya kanieneo kati ya upande moshi unakoingilia na upande unakotokea. Bomba lililo baada ya tabini likiwa jembamba, lenye kona kali au lililoziba, kanieneo ya nyuma hupanda na tofauti hiyo hupungua. Turbo huchelewa kuamka, gari huwa zito mlimani, na mafuta huliwa bure.

Hapa yafaa kusahihishwa imani moja iliyoenea, kwamba injini lazima iwe na kizuizi fulani katika bomba ili ipate nguvu. Katika injini isiyo na turbo, urefu na upana wa mabomba huchaguliwa kwa uangalifu ili mawimbi ya moshi yasaidie kusafisha silinda. Bomba pana mno laweza kuharibu mpango huo. Lakini baada ya tabini mawimbi hayo yamekwisha kuvunjwa. Kizuizi mahali hapo hakina faida kwa nguvu ya injini.

Hesabu ya upana

Je, bomba pana zaidi ndilo bora daima? Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aweza kujibu swali hili kwa kalamu na karatasi. Bomba la kipenyo cha milimita 50 lina eneo la sentimita za mraba 19.6. Lile la milimita 63 lina eneo la sentimita za mraba 31.2. Moshi uleule ukipita katika bomba la pili, mwendo wake utapungua hadi asilimia 63 ya ule wa kwanza. Na kwa kuwa upinzani katika kona hufuata mraba wa mwendo, upinzani huo utashuka kutoka sehemu 100 hadi sehemu 40.

Bomba likipanuliwa tena hadi milimita 76, upinzani utashuka kutoka sehemu 40 hadi sehemu 19. Hatua ya kwanza imeokoa sehemu 60. Ya pili imeokoa 21 tu, huku bomba likizidi kuwa zito, ghali, na karibu zaidi na mawe ya barabarani. Kwa gari dogo la matumizi ya kila siku, hatua moja ya kupanua aghalabu yatosha.

Lipo pia jambo la uwandani. Penye hewa nyepesi, turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili itoe kanieneo ileile iliyotoa pwani. Kuondoa kila kizuizi, bila kurekebisha vifaa vinavyoidhibiti turbo, kwaweza kuipeleka nje ya mpaka uliowekwa na watengenezaji wake.

Masega na kazi yake

Ndani ya bomba la gari la petroli, karibu na injini, kuna kopo la chuma lenye jiwe la kauri lililojaa vijitundu. Mafundi hukiita kifaa hiki masega, kwa kuwa chafanana na masega ya nyuki. Katika masega ya kawaida kuna vijitundu 62 hivi kwa kila sentimita ya mraba, na kuta zake zimepakwa madini ya thamani: platini, paladi na rodi.

Madini hayo ni vichocheo. Huharakisha mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kuliwa. Kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu, huungana na oksijeni na kuwa kaboni dioksaidi. Mabaki ya petroli isiyoungua huwa maji na kaboni dioksaidi. Oksaidi za naitrojeni hurudishwa kuwa naitrojeni, gesi ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tuivutayo. Kazi hii huanza vizuri masega yakiisha kupata joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi.

Wazo la kifaa hiki lilifanyiwa kazi nchini Marekani katika miaka ya 1950 na Eugene Houdry, mhandisi mzaliwa wa Ufaransa. Lakini petroli ya siku zile ilikuwa na risasi, na risasi hufunika vichocheo na kuviua. Hapakuwa na njia ya kutumia masega pasipo kwanza kuiondoa risasi katika mafuta. Japani iliweka masharti makali ya moshi wa magari mwaka 1978, na ndiyo maana magari yatokayo huko huja na masega. Katika Afrika Kusini mwa Sahara, petroli yenye risasi iliachwa kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Tangu hapo masega yaliyomo katika magari ya Afrika Mashariki yameweza kufanya kazi yaliyotengenezewa.

Injini za dizeli hutumia vifaa vya namna nyingine, mojawapo ikiwa chujio la masizi. Chujio hilo huhitaji dizeli yenye salfa kidogo. Nchi tano zilizokuwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki zilichukua kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 katika milioni kuanzia Januari 2015. Kazi ya kusafisha mafuta imefanyika kwa gharama kubwa. Kung'oa masega au chujio ni kuitupa faida yake.

Kisichoonekana

Mkazi wa Dodoma analijua vumbi la kiangazi, kwa maana huliona. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kuizuia kubeba pumzi. Masizi ya dizeli ni madogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu; mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Wanaouvuta zaidi ni wale walio karibu na bomba: mwendesha baiskeli, mama auzaye matunda kituoni, mwanafunzi angojaye kuvuka barabara.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007 ndizo msingi wa kudhibiti uchafuzi huu. Kanuni za mwaka 2015 zahusu kelele na mitetemo. Bomba lisilo na masega wala sailensa lagusa mambo yote mawili.

Namna ya kuchagua

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi mfano huu. Gari la petroli lenye turbo limekosa nguvu, na fundi asema masega yameziba. Apendekeza kuyavunja na kuunga bomba tupu. Kazi ni ya saa moja, na bei ni nafuu. Mwenye gari afanye nini?

Kwanza apime. Tundu la sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega laweza kufungwa geji ya kanieneo. Ikiwa injini yazunguka mara 2,500 kwa dakika bila mzigo na geji yaonyesha zaidi ya kilopaskali 20 hivi, kweli kuna kizuizi. Ikiwa ni chini sana ya hapo, ugonjwa uko kwingine, na masega yangevunjwa bila kosa.

Pili aulize kwa nini yameziba. Masega mazima hayafi bure. Aghalabu yameuawa na oili inayoungua, labda kutokana na turbo iliyochakaa, au na petroli mbichi ipitayo kwa sababu ya plagi mbovu. Kuweka mapya bila kutibu chanzo ni kununua ugonjwa uleule.

Tatu achague bomba lililopanuliwa hatua moja, lenye kona za taratibu zisizokunjamana, pamoja na masega mapya yanayolingana na ukubwa wa injini yake. Yapo masega yenye vijitundu 31 kwa sentimita ya mraba, yapitishayo moshi kwa urahisi zaidi. Lakini eneo lake la kusafishia ni dogo, hivyo yafaa kuthibitisha kwamba bado yatimiza kiwango cha moshi cha gari hilo. Yakae karibu na turbo, yapate joto upesi. Sailensa ya bomba lenye vitundu, lililozungushiwa sufi ya kioo, hupunguza kelele bila kuuzuia moshi.

Mwisho aikague kazi ya kuchomea. Ufa mdogo kabla ya sensa huingiza hewa. Sensa hudhani petroli ni chache, injini huongezewa mafuta, na matumizi hupanda. Bati la kukinga joto lirudishwe mahali pake, kwani katika uwanda wenye nyasi kavu gari lililoegeshwa juu ya nyasi laweza kuwasha moto. Na masega ya zamani ayadai: yana madini yenye thamani, na bei nafuu ya kuyavunja huenda imelipwa nayo.

Jaribio la darasani

Mwalimu wa kemia aweza kuonyesha kazi ya kichocheo bila gari. Atie peroksaidi ya haidrojeni iliyozimuliwa katika neli ya majaribio. Mapovu yatakuwa machache. Aongeze gramu moja ya dioksaidi ya manganizi iliyopimwa. Oksijeni itafoka mara moja, na kijiti chenye kaa kitawaka mdomoni mwa neli. Mapovu yakiisha, unga uchujwe, ukaushwe na kupimwa tena. Wanafunzi wataona kwamba uzito wake haukubadilika, na wataweza kujieleza wenyewe kwa nini masega yaliyotunzwa hudumu miaka mingi katika gari.