Kazi ya Mwethya Huanza Juu ya Kilima

Mtu asafiriye leo kutoka Nairobi kwenda Machakos, kisha akaendelea hadi Kangundo au akapanda vilima vya Iveti na Mbooni, huona kando ya njia mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi tangu bondeni hadi karibu na kilele. Kila ngazi ina ukingo wa udongo, na juu ya ukingo huo yameota majani ya kulisha ng'ombe. Mgeni aweza kudhani kwamba vilima hivyo ndivyo vilivyoumbwa, au kwamba serikali ilileta mitambo mikubwa ikavichonga. Sivyo. Sehemu kubwa ya ngazi hizo ilichimbwa kwa jembe, sururu na sepeto, na wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake, kwa kuwa waume zao walikuwa wamekwenda kutafuta mshahara mijini. Walifanya kazi kwa makundi ambayo Wakamba huyaita mwethya.

Habari ya mwethya yafaa ijulikane na kila mtu afanyaye kazi pamoja na wenzake, awe ofisini, katika karakana au shambani, kwa maana mambo yavunjayo kundi ni yale yale popote: kuanza kazi kabla ya kuipima, kuhesabu zamu ya mwenzako kuliko zamu yako, na kutazama shimo ulilosimama ndani yake mpaka ukasahau kwamba kuna kilima.

Desturi yenyewe ni ya zamani. Mtu aliyekuwa na kazi iliyomzidi nguvu, kama kujenga nyumba au kulima shamba kabla mvua haijanyesha, aliwaita jirani zake. Wakaja na majembe yao, wakafanya kazi ile kwa siku moja, naye akawaandalia chakula na kinywaji. Mshahara haukuwapo. Deni lililobaki lilikuwa moja tu, kwamba siku atakayoitwa na mwingine, naye ataitika.

Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa katika hali mbaya sana. Mvua kubwa ilipokuja iliuchukua udongo ikaupeleka mitoni, na makorongo yakala malisho. Serikali ya siku zile iliona kwamba ng'ombe wamezidi, na mwaka 1938 ikaanza kuwatwaa na kuwauza kwa nguvu. Wakamba hawakukubali. Muindi Mbingu aliwaongoza wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Mbingu alikamatwa akapelekwa kufungiwa Lamu, lakini shauri la kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu liliachwa. Baada ya vita vya pili vya dunia watu waliamriwa kwenda kuchimba makinga maji siku kadhaa za juma, chifu na askari wake wakisimamia. Mengi ya makinga hayo yalikuwa membamba, na mengi yalibomoka. Mtu aliyeamriwa kuchimba aliweka jembe chini mara tu msimamizi alipogeuza kisogo, na ukingo ulipopasuka hakuna aliyehisi kwamba ni wake.

Katika miaka ya 1950 mambo yakageuka. Makundi ya mwethya yakaachiwa kuchagua viongozi wao wenyewe na kupanga kwa zamu mashamba ya kuchimba. Watu walikuwa wale wale, na majembe yalikuwa yale yale. Lakini kazi ilikwenda kwa namna ambayo amri haikuweza kuileta, na wanawake wengi wakachaguliwa kuwa viongozi, jambo ambalo wazee wengine hawakulitazamia.

Sasa yafaa kueleza kazi yenyewe, kwa maana ndani yake ndimo mlimo na mafunzo yote. Aina ya ngazi iliyopendwa zaidi huitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia hata katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingine, kama Ethiopia. Huchimbwa mtaro wa upana wa futi mbili na kina cha futi mbili, ukikata kilima kwa ubavu, na udongo wake hutupwa upande wa juu, si upande wa chini, uwe ukingo. Kutupa udongo juu ni kazi nzito kuliko kuuacha uporomoke chini. Mikono hulijua jambo hilo kabla ya saa nne. Mvua inaponyesha, maji huteremka na udongo wa shamba, yakafika ukingoni yakasimama, na udongo ukatua hapo. Mwaka kwa mwaka sehemu ya chini ya shamba hujaa na sehemu ya juu hupungua, hata shamba lililokuwa mteremko likawa tambarare. Mvua ndiyo imalizayo kazi ambayo jembe lilianza.

Lakini ole wao wachimbao bila kupima! Mtaro sharti ufuate usawa wa kilima. Ukiinama mahali pamoja, maji yote hukusanyika hapo, yakapasua ukingo, yakateremka kwa nguvu kupita ile yaliyokuwa nayo kabla mtaro haujachimbwa. Kwa sababu hiyo hutumiwa fimbo mbili zenye urefu sawa, kamba iliyofungwa kati yake, na pimamaji ndogo inayoning'inia katikati ya kamba. Watu watatu hupita polepole wakipiga vigingi. Siku hiyo hakuna udongo unaotupwa, na wale waliokuja na majembe mabegani huona wamepotezewa siku. Makundi mengi yameanza kugombana siku hiyo ya kwanza. Aliye hodari wa kuchimba humcheka aliyeshika kamba, mpaka mvua ya kwanza iwaamue.

Jambo la pili la kupanga ni gumu zaidi, kwa sababu linagusa moyo. Kazi huanza juu ya kilima. Kwanza huchimbwa mtaro mkubwa wa kuyakatiza maji yatokayo mahali palipo juu ya mashamba yote, ndipo ngazi zifuate moja baada ya moja kuelekea bondeni. Kundi likianza chini, maji ya juu yatabomoa kila kitu.

Chukua mfano wa kundi la nyumba 12 katika ubavu mmoja wa kilima. Wanakutana siku mbili kwa juma, na kila shamba lahitaji siku nne. Hesabu yasema siku 48, yaani majuma 24. Kiangazi cha kutoka katikati ya Juni hadi katikati ya Oktoba kina majuma 17 tu, na juma moja halikosi kupotea kwa sababu ya msiba, kwa kuwa msiba hauna kalenda. Yamebaki majuma 16, ambayo ni siku 32, ambazo ni mashamba manane. Basi nyumba nne hazitafikiwa kabla ya mvua za vuli. Ni zipi hizo? Ni zile za chini; na huko chini ndiko korongo lilikokwisha kula nusu ya shamba la mjane mmoja.

Hapo ndipo wengi huona haya kusema kweli. Kiongozi dhaifu huwaahidi wote kwamba watamaliza kabla ya vuli, ili kikao kiishe kwa amani. Kiongozi mwema huiweka hesabu mbele ya watu wote kabla jembe la kwanza halijainuliwa, na kumwambia yule mjane, "Mama, shamba lako laharibiwa na maji ya jirani zako. Tukianza kwako tutachimba mara mbili. Tukianza kwao, vuli hii hii utaona maji yamepungua, ingawa bado hatujafika kwako." Si neno tamu. Lakini mtu aliyeambiwa kweli mwezi wa Juni huweza kustahimili mwezi wa Oktoba. Aliyedanganywa hawezi, wala hapaswi kulaumiwa.

Kuridhika kwa namna hiyo si uvivu, na wala si kusema "yametosha" wakati hayajatosha. Mjane huyo haridhiki na korongo. Anaridhika na mahali pake katika mstari kwa kuwa ameona mstari wenyewe, tena ameona kwamba haukupangwa kwa ukubwa wa mtu wala kwa kelele zake, bali kwa njia ya maji.

Na jaribu kubwa la kuridhika halimpati anayengoja. Humpata aliyekwisha kupata. Yule ambaye shamba lake limemalizwa juma la tatu ndiye huanza kuugua kila Jumanne. Mara mgongo, mara mgeni kutoka Mombasa, mara mbuzi amepotea. Kwa sababu hiyo makundi mengi huweka daftari la mahudhurio, na asiyekuja hulipa faini au huleta mtu badala yake. Watu hupenda kusema kwamba daftari ni kitu cha ofisini, kwamba kati ya majirani hutosha kuaminiana. Ukweli ni kwamba majirani huaminiana zaidi daftari likiwapo, kwa maana hakuna haja ya mtu kubeba hesabu ya mwenzake moyoni, ambako kila siku huongezeka.

Liko jambo la tatu. Mtu aliye ndani ya mtaro wa futi mbili huona ukuta wa udongo mbele yake na kisigino cha mwenzake kando. Akiutazama ukuta huo tangu asubuhi hata adhuhuri, hudhani yeye peke yake ndiye aliyepewa mahali penye mawe. Kiongozi mwenye akili huwapeleka watu wake kula muthokoi upande wa pili wa bonde, ingawa ni mwendo, na miguu hunung'unika. Kutoka huko wanaona mstari mmoja mwekundu ulionyoka kukata kilima kizima, na mahali pale pa mawe, palipoonekana kuwa msiba, ni kama urefu wa kidole. Baada ya chakula mazungumzo huwa mengine.

Ni vema kutazama mbali hata kwa miaka. Mwaka 1932 wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilichukua na nchi ya Makueni, ilikuwa na watu wapatao 240,000. Mwaka 1989 walikuwa wapatao milioni 1.4. Wengi walitabiri kwamba nchi ile itageuka jangwa. Wachunguzi Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu walichokitoa mwaka 1994, walionyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka sana, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua, na thamani ya mazao kwa kila mtu ilikuwa imepanda. Si kwamba njaa imekwisha Ukambani. Mvua ikikosa, ukingo hauwezi kuileta, na miaka ya ukame imerudi mara nyingi. Lakini mvua kidogo inayonyesha haikimbilii tena bondeni na udongo wote.

Wale waliochimba mitaro ya kwanza ya hiari hawakuziona hesabu hizo. Waliona vuli moja, kisha nyingine, na ukingo ambao kila mwaka ulihitaji kuinuliwa kidogo kwa sababu udongo ulikuwa umeufikia.

Jua likielekea kuzama, majembe hukung'utwa na majina husomwa kutoka katika daftari. Kabla ya kutawanyika, watu watatu hubaki na kamba na pimamaji, wakaingia shamba linalofuata kupiga vigingi vya Alhamisi. Mara nyingi anayeshika fimbo ya mwisho ni mwenye shamba la chini kabisa. Hakuna aliyemwita. Amekwisha kujifunza kusoma pimamaji, naye huinama akaitazama ile pofu ya hewa mpaka itulie katikati, ndipo husema, "Piga."