Ukihamia Garsen, Tafuta Shule Kabla ya Nyumba

Barua ya uhamisho ikishatoka, familia nyingi huanza na nyumba. Muuguzi aliyepangiwa hospitali ya Ngao, mwalimu aliyepelekwa Tarasaa, karani wa kaunti ndogo au afisa wa polisi anayeripoti Garsen humpigia simu mtu anayemjua, huuliza kodi, umeme na maji ya mfereji, akalipa mwezi wa kwanza. Mambo ya shule huachwa hadi Jumatatu asubuhi, na mtoto hupelekwa iliyo karibu na lango. Nairobi au Mombasa utaratibu huo hauna madhara makubwa, kwa kuwa shule ikimshinda mtoto utapata nyingine mtaa wa pili. Katika Delta ya Tana, ilipo Garsen, mambo ni tofauti. Kaunti nzima ya Tana River ilihesabiwa watu 315,943 tu mwaka 2019, na watu hao wametawanyika katika eneo pana sana. Kati ya shule na shule pana masafa, na mara nyingi pana maji. Ndiyo maana nashauri kila mzazi anayekuja huku achague shule kwanza, akague njia ya kuifikia, kisha nyumba ifuate.

Shule nzuri ya huku ni ipi? Ni ile inayobaki wazi na kufikika miezi ya mvua, na yenye walimu wa kudumu darasani.

Maji na kalenda ya masomo

Mto Tana unaanzia Mlima Kenya na safu za Aberdare, ukapitia mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga likijaa hadi mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, maji humwagika yenyewe kuja chini. Huchukua siku kadhaa kufika Garsen, kwa hiyo mtu anaweza kuamka chini ya jua kali, hajaona hata wingu, na mto ukawa umepanda. Na kwa kuwa ardhi ya delta ni tambarare, maji yakishatoka kwenye kingo hayana haraka ya kuondoka. Huweza kukaa wiki kadhaa.

Sasa yaweke mafuriko hayo kando ya kalenda ya shule. Masika huja Aprili na Mei, muhula wa pili unapofunguliwa. Mvua za vuli huja kuanzia Oktoba, watahiniwa wakiwa kwenye mitihani ya kitaifa. Mwaka 2023 mafuriko ya El Niño yalifika Novemba, wakati mtihani wa KCSE ukiendelea. Mwaka 2024 shule nchini zilikuwa zifunguliwe Aprili 29. Serikali ikaahirisha, na zikafunguliwa Mei 13. Hiyo ilikuwa tarehe ya nchi nzima. Shule iliyogeuzwa kambi ya waliohamishwa na maji haifunguki kwa tangazo la redio. Hufunguka familia zikisharudi makwao, vyoo vikishazibuliwa na matope yakishatolewa madarasani.

Mzazi akija kutazama shule mwezi wa Julai, ardhi ikiwa kavu na bodaboda zikipita kila upande, haoni lolote kati ya hayo. Basi aangalie ukuta. Kwenye madarasa yaliyofikiwa na maji hubaki mstari wa rangi ya udongo, ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, wakati mwingine kwenye usawa wa goti, wakati mwingine juu ya kimo cha dawati. Atazame miguu ya madawati: chuma kimeliwa na kutu hadi wapi, mbao zimevimba wapi. Kisha aende kwa mzee wa kijiji na kumwuliza kwa heshima: “Mzee, mwaka wa El Niño maji yaliishia wapi? Na mwaka 2018? Na 2024 je, watoto walikaa nyumbani muda gani?” Wazee wa mtoni wanaikumbuka miaka hiyo kwa mti na kwa nyumba, na jibu lao ni sahihi kuliko ramani nyingi.

Ukishajua hayo utayatazama maeneo kwa jicho jingine. Vijiji kama Wema na Hewani viko ndani ya uwanda wa mafuriko, kwenye ardhi ya mpunga, ambako rutuba na hatari vinatoka kwenye mto uleule. Mji wa Garsen una soko na ofisi, lakini uko karibu na mto, na mitaa yake haiko kwenye kimo kimoja. Uliza mtaa kwa mtaa. Minjila iko penye njia panda, barabara moja ikienda Witu na Lamu, nyingine Hola hadi Garissa. Ukikaa hapo, mtoto hategemei barabara moja tu. Tarasaa na Ngao zina shule za msingi na za upili, na Ngao, iliyokuwa kituo cha misheni tangu miaka ya 1880, ina hospitali pia. Kwa familia yenye mtoto mchanga, shule na hospitali kuwa mahali pamoja ni faida isiyo ndogo.

Hesabu walimu, usihesabu majengo

Wazazi wengi walizoea kulinganisha shule kwa alama za wastani za KCPE. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na alama zake za zamani haziwezi kukwambia shule ilivyo leo. Siku hizi mtoto hufanya KPSEA akiwa gredi ya sita na KJSEA akiwa gredi ya tisa, kisha huingia shule ya upili ya juu kwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo.

Kwa hiyo ukiingia ofisi ya mwalimu mkuu, uliza maswali matatu. La kwanza: walimu walioajiriwa na tume ya walimu, TSC, ni wangapi, na wanaolipwa na bodi ya shule kwa michango ya wazazi ni wangapi? Tana River ni eneo la mazingira magumu. Mwalimu hulipwa marupurupu kwa kufanya kazi huku, lakini wengi bado huomba uhamisho mapema. Shule inayotegemea sana walimu wa bodi hutikisika wazazi wanaposhindwa kuchanga, na wazazi hushindwa kuchanga baada ya kiangazi kuua mifugo au maji kuzoa mahindi. La pili: katika sekondari ya chini, nani anafundisha hisabati na sayansi, na amekuwa hapo tangu lini? La tatu, kama mtoto wako anakaribia gredi ya kumi: shule hii ina mikondo mitatu au miwili, na maabara yake inatumika? Omba kuiona. Vumbi kwenye meza za maabara litakupa jibu.

Ukitoka ofisini, pitia jikoni. Katika maeneo makavu kama haya, chakula cha mchana ndicho kinachomleta mtoto shuleni na kumweka hadi jioni. Angalia kama kuna kuni zilizopangwa, sufuria iliyotumika wiki hii, na tangi lenye maji. Shule isiyo na tangi huwatuma watoto mtoni, na mto Tana una mamba na viboko.

Alama za mtoto anayehama

Hili wazazi wengi hawalijui hadi wamechelewa. Chini ya mtaala wa umilisi, matokeo ya mtoto hukusanywa kidogo kidogo. Tathmini za shuleni za gredi za chini huchangia matokeo ya gredi ya sita, pamoja na KPSEA yenyewe. Kwenye matokeo ya gredi ya tisa, KPSEA inaingia kwa asilimia 20, tathmini za gredi ya saba na ya nane asilimia 20, na KJSEA asilimia 60. Mtoto anayehama katikati ya miaka hiyo anahama na alama zake. Ikiwa shule aliyotoka haikuziwasilisha kwa baraza la mitihani, KNEC, pengo hilo litamfuata.

Kabla hujafunga mizigo, hakikisha una cheti cha kuzaliwa, barua ya uhamisho na nambari ya tathmini ya mtoto. Muulize mwalimu wa darasa kama alama za mwaka zimeshawasilishwa. Kisha hakikisha shule ya zamani imemwachilia mtoto kwenye mfumo wa wizara na shule mpya imempokea. Hilo lina uzito wa pesa pia. Serikali hutuma fedha kwa kila mwanafunzi aliyesajiliwa: Sh1,420 kwa mwaka katika shule ya msingi, Sh15,042 katika sekondari ya chini, na Sh22,244 katika upili ya kutwa. Mtoto ambaye jina lake limebaki Kisumu anakalia dawati la Garsen bila shilingi yake kufika.

Jirani na amani

Siwezi kuandika juu ya makazi ya Tana Delta nikaupita mwaka 2012. Kuanzia Agosti mwaka huo hadi mwanzoni mwa 2013, mapigano baina ya jamii za Wapokomo na Waorma yaliua watu zaidi ya 100 na kuwafanya maelfu wahame. Chanzo kilichotajwa sana ni ardhi, malisho na maji. Mkulima analima ukingoni mwa mto, na mfugaji anahitaji malka, yaani njia ya kuwafikisha ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi. Tangu hapo wazee wa Gasa kwa upande wa Wapokomo na Matadeda kwa upande wa Waorma wamekuwa nguzo za mazungumzo. Mgeni akifika ajitambulishe kwa chifu na kwa wazee, ajue malka ziko wapi, na asikodi nyumba wala shamba linaloziba njia hiyo.

Kwa upande wa shule, mimi huitazama sana orodha ya majina darasani. Shule ambamo Komora wa Kipokomo na Guyo wa Kiorma wanakaa dawati moja, na wazazi wao wanaketi kwenye bodi moja, ina watu wengi wa kuilinda siku mambo yanapoharibika. Kwa familia za Kiislamu, uliza pia madrasa iko wapi na inaanza saa ngapi, ili mtoto asitembee gizani.

Nyumba ndiyo ya mwisho

Ukishaichagua shule, tembea na mtoto kutoka shuleni kuelekea mtaa unaoutaka, saa saba mchana, jua likiwa kali. Kama hawezi njia hiyo leo, hataiweza Februari. Hesabu mabonde na vivuko. Kivuko kikavu leo ni mto Mei. Katika nyumba yenyewe tafuta msingi ulioinuliwa, choo kilicho mbali na kisima, na madirisha yanayoweza kuwekwa wavu, maana maji yakikaa mbu huja na malaria.

Wapo watakaoona ni heri waiache familia Malindi na kuja peke yao. Siwalaumu, hasa kwa mtoto mwenye ugonjwa unaohitaji daktari bingwa au aliyebakisha muhula mmoja afanye mtihani. Lakini wasiamue hivyo kwa desturi tu, kabla ya kuuliza. Shule za Delta zina walimu wanaojituma na watoto wenye kiu ya kusoma. Zinachokosa mara nyingi ni wazazi wenye sauti, wanaojua kuandika barua kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kudai mwalimu wa fizikia, na kuhudhuria mkutano wa bajeti ya kaunti darasa la chekechea linapohitaji paa. Muuguzi, mwalimu na afisa anayekuja na watoto wake anakuja na sauti hiyo. Siku ya mkutano wa kwanza wa wazazi, nenda, keti mbele, na uulize maswali yako.