Chombo kiko kwako, amri iko kwa mwingine: aplikasyo na mizajuru za vyombo vya nyumbani

Ndugu wahitimu, na nyinyi wanafunzi ambao mungali kwenye oditwari, leo naomba tuongee juu ya vitu ambavyo vimeingia nyumbani mwetu bila kelele: kamera za Wi-Fi, ampuli zinazowashwa kwa simu, priza zinazoitwa "smart", televisheni zenye intaneti, inveta za pano za jua zinazoonyesha hali ya betri kwenye aplikasyo. Bukavu, Goma, Lubumbashi, Kinshasa, ukipita kwenye maduka ya vyombo unavikuta vimepangwa karibu na chaja za simu. Na kwa sababu kazi za ofisini ni haba, wengi kati yetu tumegeuka mafundi wa kuvifunga. Mimi nimefunga si vichache tangu nimalize masomo. Swali ninaloulizwa kuliko yote si namna ya kufunga. Ni hili: "Jana ilikuwa inatumika muzuri. Leo nimeamuka, haitaki. Nani aliigusa?"

Mara nyingi hapo nyumbani hakuna aliyeigusa. Aliyeigusa yuko mbali, na hata hajui kama wewe uko.

Tuanze na njia ambayo amri inapita. Umekaa sebuleni, unabonyeza simu, ampuli iko mita mbili juu ya kichwa chako. Wengi wanadhani amri inatoka kwenye simu, inapita kwa ruta, inafika kwenye ampuli, basi. Kwa vyombo vingi vya bei rahisi si hivyo. Amri inatoka nyumbani, inavuka mipaka, inafika kwenye seva ya kampuni. Seva inakagua akaunti yako, ndipo inatuma amri irudi mpaka kwenye ampuli. Vingine vina njia fupi ya ndani ya nyumba, lakini hata hivyo aplikasyo haikubali kufunguka kama hujaingia kwa akaunti. Njo maana forfe ya intaneti ikiisha, ampuli inakuwa kiziwi wakati umeme upo na Wi-Fi inaonekana.

Halafu, yule anayeshika seva mara nyingi si yule ambaye jina lake umelisoma kwenye kartoni. Munakumbuka ukinunua priza ya jina fulani na kamera ya jina lingine, zote mbili zinakuambia upakue aplikasyo ileile? Kuna kampuni inaitwa Tuya, ilianzishwa mwaka 2014 huko Hangzhou, China. Inaviuzia viwanda kazi iliyo tayari: kifaa cha ndani, seva na aplikasyo. Kiwanda kinaongeza plastiki na jina. Sisemi ni ubaya, kwani bila mfumo huo bei isingeshuka mpaka sisi tuvipate. Ila ujue kwamba ukienda kumlaumu muuzaji wa sokoni, unamlaumu mtu ambaye hana ufunguo wowote.

Sasa mizajuru. Watu wanazisema kama kitu kimoja, kumbe ziko za namna tatu. Kuna ya aplikasyo kwenye simu yako. Kuna ya programu iliyo ndani ya chombo chenyewe. Na kuna mabadiliko kwenye seva, ambayo hayakuombi ruhusa wala hayapakui chochote kwako. Unalala, unaamka, masharti yamebadilika. Ukizima mizajuru kwenye simu umezuia ile ya kwanza tu, na hata hiyo si kwa muda mrefu, kwa sababu siku moja seva inakataa kuongea na aplikasyo ya zamani.

Tuseme haki: mizajuru si uchawi wa kampuni kutusumbua tu. Tarehe 21 Oktoba 2016 tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zilikwama kwa saa nyingi sehemu za Marekani na Ulaya. Shambulio lilielekezwa kwa kampuni ya Dyn, na sehemu kubwa ya nguvu yake ilitoka kwenye vyombo vya nyumbani, kamera na mashine za kurekodi picha, ambavyo programu haramu ya Mirai ilikuwa imeviteka. Viliingiliwa kwa neno la siri la kiwandani ambalo hakuna aliyelibadilisha. Kamera isiyopata mizajuru hata moja ni mlango usio na kufuli. Kwa hiyo mtu akiniambia "zima mizajuru zote, umemaliza," sikubaliani naye.

Lakini mkono unaoweza kukuponya ukiwa mbali unaweza pia kukuumiza. Agosti 2017, kampuni ya kufuli LockState ya Marekani ilituma mizajuru ya aina moja ya kufuli kwenye aina nyingine. Kufuli kama 500 zikafa kwa mara moja. Nyingi zilikuwa za watu wanaopangisha nyumba kwa wageni wa Airbnb. Haikuwezekana kuzitengeneza kwa intaneti tena, kwa sababu ndiyo njia iliyokuwa imekatika, na wenye nyumba wakaambiwa warudishe kipande cha kufuli au wangojee nyingine. Miaka miwili nyuma, Desemba 2015, vidhibiti joto vya Nest vilipata mizajuru yenye kasoro ambayo haikuonekana mpaka Januari. Betri zikaisha, watu wakaamka nyumba ikiwa baridi katikati ya majira ya baridi.

Hayo yalikuwa makosa. Kuna mengine ambayo ni uamuzi. Nest hiyohiyo ilinunua kampuni ya Revolv mwaka 2014, na tarehe 15 Mei 2016 ikazima seva zake. Kitovu cha Revolv, ambacho watu walikuwa wamelipia karibu dola 300, kikawa kipande cha plastiki. Hakikuharibika, hakikuungua. Na tarehe 7 Mei 2024 Sonos, watengeneza spika, walitoa aplikasyo mpya kabisa ambayo haikuwa na vitu vya kawaida vilivyokuwa kwenye ya zamani, kama saa ya kuamsha. Mkuu wa kampuni, Patrick Spence, aliomba radhi Julai, na Januari 2025 akaondoka kwenye kiti. Spika zenyewe hazikuwa na kosa lolote, zilikuwa zilezile za juzi.

Basi tuje hapa kwetu, maana huko ni watu wenye umeme wa kila saa na intaneti isiyopimwa. Sisi tunaongeza shida zetu juu ya zile zao.

Ya kwanza ni umeme. Ampuli nyingi za bei rahisi hazina kitufe, kwa hiyo ili uiambie "sahau yote, tafuta Wi-Fi upya," unaizima na kuiwasha ukutani mara 3 au zaidi mfululizo. Aliyebuni njia hiyo aliishi mahali ambapo umeme haufanyi hivyo wenyewe! Kwetu unajua: umeme unarudi, unakatika, unarudi, unakatika, unarudi. Ampuli imehesabu, imejifuta. Unaikuta inapepesa usiku kama taa ya polisi, na wewe unadhani ni mizajuru au ni mutoto amecheza na simu. Kama mtaa wenu uko hivyo, usifunge ampuli za namna hiyo. Tumia ampuli ya kawaida, na kama lazima iwe ya simu, tafuta kiwashio cha ukutani chenye kitufe.

Umeme ukikatika katikati ya mizajuru ya chombo, matokeo yanategemea kilivyotengenezwa. Chombo kizuri kina nafasi mbili za kumbukumbu: kinaandika programu mpya upande mmoja, kinaikagua, ndipo kinahama, ya zamani inabaki kama akiba. Chombo chenye kumbukumbu ndogo hakina nafasi ya nakala mbili, na kikikatwa katikati kinaweza kulala moja kwa moja. Huwezi kuliona hilo kwenye kartoni. Unachoweza ni kufanya mizajuru wakati betri au inveta inashikilia, si wakati wa umeme wa kubahatisha.

Ya pili ni mega. Simu imewekwa isasishe aplikasyo "kwa Wi-Fi peke yake," na wewe unajiona salama. Lakini Wi-Fi yako yenyewe ni simu nyingine inayogawa konekisyo! Wakati mwingine simu hailijui hilo. Inaona Wi-Fi, inashangilia, inakunywa forfe yote ya wiki kwa usiku mmoja. Ingia kwenye mpangilio wa Wi-Fi hiyo, tafuta mahali pa kuiambia kwamba ni mtandao wa kulipia, ichague. Ni sekunde chache. Televisheni na vile visanduku vya Android navyo mara nyingi vina sehemu ya kuzima mizajuru ya kujiendesha; izime, halafu panga siku moja ya mwezi uifanye wewe mwenyewe.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Mama mudogo wangu ana depo ya dawa hapa Bukavu, na kamera moja inayotazama kaunta na mlango. Anaifuatilia akiwa nyumbani kwa simu ambayo dada alimwachia, si mpya. Siku moja aplikasyo ilijisasisha, ikamtoa nje, ikataka namba ya simu ya kumtumia kodi. Kwenye orodha ya nchi, 243 yetu haikuwemo. Akanipigia: "Mutoto yangu, hii kamera jana ilikuwa inanijua, leo iko inaniuliza mi ni nani?" Kampuni sitaitaja. Niliwaandikia, wakajibu baada ya siku 11 kwamba nisakinishe toleo jipya zaidi, na hilo toleo simu yake ikalikataa kwa sababu Android yake ni ya zamani. Siku hizo zote kamera ilikuwa inawaka, inaona, inarekodi. Na kwenye hizo siku katoni mbili za dawa zilitoka depo bila faktiri.

Tulizipata picha. Si kupitia aplikasyo. Nilikuwa nimeweka kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya kamera siku ya kuifunga, tukaichomoa, tukaitia kwenye kompyuta. Kadi haina akaunti, haiulizi mtu ni nani. Angalia mapema tu kama kamera yako inaandika kwenye kadi picha za kawaida, maana ziko zinazofunga picha kwa namna ambayo aplikasyo yao peke yake inazisoma.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, omba jaribio dukani. Chombo kiunganishwe na simu inayogawa konekisyo, simu ya kuongozea iwe kwenye Wi-Fi hiyohiyo, halafu uzime mega za ile inayogawa. Wi-Fi ibaki, intaneti iondoke. Kama bado kinatii, amri inapita ndani ya nyumba. Kama kimekuwa kiziwi, umejua unanunua nini, na bei ijadiliwe kwa kujua hivyo. Kwa kamera, tafuta neno ONVIF kwenye kartoni; ni kanuni ya pamoja tangu 2008 inayoruhusu kamera kuongea na mashine au programu za kampuni nyingine. Kwa ampuli na priza, alama ya Matter, kanuni iliyotoka 2022, ina maana vinaweza kuongozwa bila seva ya mbali, ingawa sokoni kwetu bado ni nadra. Wale mulio wa informatika, angalieni Home Assistant, programu ya bure iliyoanza 2013. Inakaa kwenye kompyuta ndogo nyumbani na kuviongoza vyombo vya kampuni nyingi. Na inveta ya jua usinunue isiyo na skrini na vitufe vyake. Betri ya familia isitegemee aplikasyo.

Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamlazimisha mtengenezaji aseme mizajuru za usalama zitaendelea mpaka lini, na inakataza neno la siri rahisi la kiwandani. Sisi hatuna muuzaji wa kumuuliza hivyo, lakini tarehe hizo kampuni kubwa zinaziandika kwenye tovuti zao, na chombo kilekile ndicho kinachofika hapa.

Neno kwa mafundi wenzangu. Akaunti ifunguliwe kwa namba ya mwenye chombo, si yako, na si ya kadi ya simu inayokaa miezi bila kutumika, kwa sababu kampuni ya simu inaweza kuigawia mtu mwingine na kodi zitamwendea yeye. Zima mizajuru za kujiendesha pale inapowezekana, umuachie mteja karatasi yenye siku ya kuzifanya. Na mwambie mapema, kabla ya kupokea dola ya kwanza, kwamba ukirudi kwa sababu waya umechomoka unarudi bure, lakini ukirudi kwa sababu kampuni imebadilisha mambo yake, atalipa angalau transpo. Mimi naliandika kwenye faktiri, na mteja anasaini.