Havana ni Jirani, Ruhusa Ndiyo Mbali

Shemeji yangu wa Tanga akitaka kwenda Cuba, hangaiko lake ni viza na nauli. Mimi niliyechukua uraia wa Marekani, ninayeishi Florida, karibu kabisa na kisiwa hicho, shirika la ndege linanitaka kwanza niseme naenda kufanya nini. Jibu la "kuogelea" halikubaliki. Sheria imeorodhesha aina 12 za safari: kutembelea jamaa, uandishi wa habari, utafiti, shughuli za kidini na nyinginezo. Utalii haumo.

Ajabu ni kwamba hakuna anayekukataza waziwazi kukanyaga Havana. Kinachozuiwa ni kutumia fedha huko, kwa kanuni za mwaka 1963 zinazosimamiwa na Wizara ya Fedha. Na nani atasafiri bila kulipia chakula na malazi? Ujanja huo wa kisheria ulifikishwa Mahakama ya Juu, na mwaka 1984 majaji watano dhidi ya wanne wakaipa serikali ushindi.

Marais nao hulegeza na kukaza. Chini ya Obama, meli za watalii zilianza kwenda Cuba mwaka 2016. Trump akazizuia 2019. Zipo pia hoteli zilizopigwa marufuku, kwa hiyo wengi hupanga vyumba kwenye nyumba za watu.

Ndugu msomaji mwenye kadi ya ukaazi ya Marekani, usidhani paspoti ya Kenya au Tanzania itakuokoa. Sheria inamhusu hata mkaazi, popote alipo. Beba fedha taslimu, na risiti zote zitunze miaka 10.