OFISI ILIYOJENGWA JUU YA JENGO LA ZAMANI

Labda unafikiri kuongeza ghorofa juu ya nyumba yako ya zamani. Jiulize kwanza: Je, kuta zitauweza mzigo huo? Ukuta uliojengwa kubeba paa si lazima uweze kubeba nyumba ya pili. Ukishindwa, walio ndani watafukiwa.

Wakuu wa bandari ya Antwerp, nchini Ubelgiji, walikutana na jambo hilo. Antwerp ni bandari kubwa ya pili katika Ulaya. Wafanyakazi wa ofisi zake, wapatao 500, walikuwa wametawanyika katika majengo mbalimbali. Wakatafutiwa mahali pamoja. Kando ya maji palikuwa na jengo kubwa la zimamoto, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Wazimamoto walikuwa wamekwisha hamia kwingine. Jengo lilikuwa zuri, lakini halikuwatosha watu wote. Tena palikuwa na sharti: lisibomolewe.

Kazi alipewa Zaha Hadid, mwanamke fundi wa kuchora ramani za majengo, aliyezaliwa Baghdad, nchini Iraki, mwaka 1950. Yeye hakuzitwika kuta za zamani mzigo mpya. Katika ramani yake zilisimamishwa nguzo mbili nene za zege. Moja inapita katika ua wa katikati wa jengo la zamani. Ya pili iko nje. Nguzo hizo ndizo zinazobeba ofisi mpya ya chuma na vioo, yenye urefu wa meta 111. Hebu fikiri! Huo ni urefu unaopita viwanja vingi vya mpira, nao uko juu hewani. Ndani ya nguzo mna ngazi na lifti za kupandishia watu.

Vioo vyake vinametameta kama almasi. Si ajabu, maana Antwerp ni mji wa biashara ya almasi tangu zamani. Lakini mimi nazisifu zaidi zile nguzo mbili.

Ua wa zamani nao uliezekwa kwa vioo, mvua isiingie. Ofisi ilifunguliwa mwezi wa Septemba, 2016. Zaha Hadid hakuiona siku hiyo, kwani alikufa mwezi wa Machi mwaka huo huo. Uwanja ulio mbele ya jengo umepewa jina lake. Na ule ukumbi yalimokaa magari ya zimamoto umetengenezwa kuwa maktaba, mahali pa watu kusomea.