Wanajeshi wa Mpakani bila soko la mpakani

Katikati ya Oktoba 2021 Biashara United ya Mara iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Lilikuwa Kombe la Shirikisho Afrika, na tayari vijana wa Mara walikuwa wameshaitoa FC Dikhil ya Djibouti. Kilichobaki ni kwenda Libya kulinda mabao mawili. Timu haikwenda. Yalitajwa masuala ya ukata na vibali vya usafiri wa ndege, siku ya mchezo ikapita, na Walibya wakasonga mbele bila kutoka jasho.

Juni 2022 msimu wa Ligi Kuu ukamalizika. Yanga walichukua ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Chini kabisa, katika timu 16, Mbeya Kwanza na Biashara United zilishuka daraja. Mwaka mmoja tu nyuma Biashara ilikuwa imemaliza nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, na ndiyo nafasi iliyoipeleka Afrika.

Wachambuzi wa soka walieleza sababu za uwanjani: Francis Baraza, kocha Mkenya aliyeijenga timu, alikwishahamia Kagera Sugar; wachezaji waliondoka; mabao yaliadimika. Yote ni kweli, lakini mengi kati ya hayo huanzia kwenye daftari la mapato na matumizi. Kocha huondoka anapoona mbele hapaeleweki, na mchezaji hubaki pale mshahara unapofika kwa wakati. Ndiyo maana naitazama hasara ile kutokea wilaya za Tarime na Serengeti badala ya Musoma ilipo kambi ya timu na Uwanja wa Karume. Huku ndiko fedha ya Mara inakopita kwa wingi: dhahabu ya Nyamongo, mpaka wa Sirari, na watalii wanaoingia hifadhini kwa lango la Ikoma. Hata jina la utani la timu, Wanajeshi wa Mpakani, linaelekeza huku. Sirari, mlango mkuu wa mkoa kwenda Kenya, ipo Tarime.

Biashara United ilikuwa timu ya mkoa mzima kwa jina, ilhali shilingi ya soka ya mkoa huo ilikuwa imeshanunua timu nyingine.

Nenda mjini Tarime siku Simba na Yanga wanapokutana. Kibanda umiza kimejaa saa moja kabla ya mpira. Mabenchi ya mbao yamebanana, dirisha limezibwa kwa turubai ili mwanga usiingie kwenye luninga, na mwenye kibanda amekaa mlangoni na kopo la chenji. Siku ya kawaida analipisha shilingi 500. Siku ya watani wa jadi ni 1,000. Nje kuna muuza karanga, muuza maji, bodaboda wanaosubiri kipenga cha mwisho, na kijana aliyetundika jezi nyekundu, kijani na njano kwenye kamba. Ndani ya kundi lile wapo waliopanga mkeka wa kubeti tangu asubuhi. Huo ni uchumi kamili wa soka. Una wateja wanaolipa taslimu, bila kukopa, wiki baada ya wiki.

Tuseme Tarime mjini, Sirari, Nyamongo na Mugumu ya Serengeti kwa pamoja zina vibanda 40, kila kimoja watu 150, kiingilio 1,000. Jioni moja hukusanywa shilingi milioni 6. Idadi ya vibanda ni ya mfano, lakini aliyewahi kuzunguka miji hiyo siku ya mchezo mkubwa hatashangaa. Fedha hiyo hailipi hata soksi moja ya timu ya mkoa.

Iweke pembeni ya safari moja ya ugenini. Kutoka Musoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300. Msafara wa watu 30, wachezaji na benchi la ufundi, unahitaji vyumba 15. Kwa gesti ya shilingi 30,000, usiku nne ni milioni 1.8. Chakula cha mwanamichezo hakiwezi kuwa chini ya 20,000 kwa siku. Siku tano ni milioni 3. Basi linalokula lita moja kila kilomita tatu litahitaji takriban lita 900 kwenda na kurudi. Dizeli ikiwa 2,500, ni milioni 2.25. Jumla milioni 7 na ushee, kabla ya posho, dawa, maji ya mazoezi au tairi litakalopasuka njiani. Na dizeli haikubaki 2,500. Katikati ya 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza, ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, wakati uleule timu ikipigania kubaki ligi kuu.

Jiografia ya msimu ule iliongeza uchungu. Majirani walikuwa wawili tu, Geita Gold na Kagera Sugar ya Bukoba. Waliobaki wote ni safari ndefu: Simba, Yanga, Azam na KMC za Dar es Salaam, Ruvu Shooting ya Mlandizi, Mtibwa Sugar ya Manungu, Coastal Union ya Tanga, Namungo ya Ruangwa kule Lindi, timu za Mbeya, Dodoma Jiji, na Polisi Tanzania ya Moshi. Timu ya Dar es Salaam hucheza michezo kadhaa ya ugenini na wachezaji wakalala majumbani kwao. Timu ya Mara kila ikitoka inafunga mizigo.

Wenzake walikuwa na pa kuegemea. Ukiipitia orodha ya timu 16 za msimu ule unakuta nyingi zina mlezi anayeeleweka. Kagera Sugar na Mtibwa Sugar zilikuwa na viwanda vya sukari. Prisons, Polisi na Ruvu Shooting zilikuwa na majeshi, ambako mchezaji anaweza kuwa askari mwenye mshahara wa serikali hata akikaa benchi. KMC, Dodoma Jiji, Mbeya City na Geita Gold zilikuwa na halmashauri. Azam ni mali ya mfanyabiashara mkubwa kuliko ligi yenyewe, na Simba na Yanga zina mamilioni ya mashabiki na matajiri wanaogombea kuzihudumia. Biashara United ilikuwa timu ya wananchi wa mkoa. Timu ya namna hiyo, wananchi wasipoilipia kila wiki, huishi kwa kutembeza bakuli kwa wakubwa na wafanyabiashara wachache, na bakuli hujaa timu ikishinda, hukauka ikifungwa.

Kwa upande wa ligi, fedha zilikuwa zinakuja. Mei 2021 shirikisho la soka nchini, TFF, na Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, ulioanza na msimu uleule wa 2021/22. Oktoba benki ya NBC ikaingia kama mdhamini mkuu kwa shilingi bilioni 2.5. Novemba GSM ikasaini udhamini mwenza wa bilioni 2.1 kwa miaka miwili, ukavunjika Februari 2022 kabla msimu haujaisha. Kwa klabu kubwa kuvunjika kwa mkataba ule ulikuwa mjadala wa redioni. Kwa klabu ndogo iliyokuwa imeshapigia hesabu fedha hiyo, ulikuwa ni mshahara wa mtu.

Hapa ndipo kushuka daraja kunapouma kibiashara. Katika besiboli ya Marekani, ambako hakuna kushuka daraja, Chicago White Sox walipoteza michezo 121 kati ya 162 mwaka 2024, idadi kubwa kuliko zote ya vipigo vya msimu mmoja katika zama za sasa za mchezo huo, na 2025 wakarudi katika ligi ileile, wakiendelea kupata mgawo wao wa televisheni. Kwetu timu inayoshika mkia inapoteza msimu, kisha inapoteza soko. Mgawo wa luninga wa Ligi Kuu unaondoka. Mdhamini aliyetaka jina lake lionekane siku Simba wanapokuja Karume hana tena sababu ya kubaki. Mchezo huo mmoja na ule wa Yanga ndizo zilikuwa siku kubwa za mapato ya mlangoni kwa mwaka mzima, na zote mbili hupotea kwa pamoja.

Sasa tuje Nyamongo, kwa sababu kila mtu wa Mara ukimwuliza timu ingeokolewaje atakujibu: mgodi. Mgodi wa North Mara huzalisha zaidi ya wakia laki mbili za dhahabu kwa mwaka. Tangu kampuni ya Barrick ilipoichukua kampuni ya Acacia mwaka 2019 na kuundwa Twiga Minerals, serikali ina hisa asilimia 16. Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2017 inautaka mgodi kukubaliana na halmashauri mpango wa kila mwaka wa huduma kwa jamii, na ushuru wa huduma huingia Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, ambayo makao yake yako Nyamwaga. Mzazi wa Matongo au Kerende ambaye mtoto wake anakaa chini darasani ana haki ya kuhoji kama fedha hiyo iende kununua straika. Mimi ningekuwa upande wake. Fedha ya jamii ijenge madarasa na zahanati. Timu itafute mkataba wa kibiashara, ambao ni mfuko mwingine kabisa na una masharti yake.

Masharti hayo yalishaonekana. Mwaka 2015 Acacia, iliyokuwa ikimiliki North Mara, ilitoa udhamini mnono wa miaka miwili kwa Stand United ya Shinyanga, timu iliyoanzishwa na watu wa stendi ya mabasi. Haukumaliza muda wake. Klabu iligawanyika kati ya upande wa kampuni na upande wa wanachama, kila mmoja akidai ndiye mwenye timu, na mdhamini akajiondoa. Geita nako, timu ya halmashauri, yenye mgodi wa dhahabu wa GGML kama mdhamini, ilifanya vizuri mno ilipopanda, ikamaliza ya nne katika msimu uleule Biashara inashuka. Miaka miwili baadaye, 2023/24, Geita Gold nayo ikashuka. Dhahabu imeleta udhamini mara mbili Kanda ya Ziwa na mara zote mbili haikutosha kuishikilia timu. Mdhamini mmoja mkubwa akiondoka, au akipunguza, hakuna wa chini wa kuziba pengo.

Serengeti ni kisa cha aina yake, na kinanisikitisha zaidi. Jina la wilaya hii limevaliwa na soka la nchi nzima. Vijana wa taifa chini ya miaka 17 ni Serengeti Boys, waliocheza fainali za Afrika Gabon 2017. Wasichana ni Serengeti Girls, waliofika robo fainali ya Kombe la Dunia India 2022. Bia yenye jina hilo imedhamini Taifa Stars. Mugumu wenyewe, makao makuu ya wilaya, ligi yao ni mashindano ya kata, kombe la mbunge na mbuzi wa mshindi.

Wapo wanaosema timu ya Mara ijiuze kwa watalii, kama Rwanda ilivyoweka jina lake kwenye mkono wa jezi ya Arsenal mwaka 2018. Siamini. Mtalii anayetua Seronera asubuhi kutazama nyumbu hatashuka Musoma kutazama mechi. Soko la kweli la Serengeti ni mhudumu wa kambi ya kitalii pale Ikoma mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, dereva wa magari ya hifadhini, mama anayepeleka mboga na mayai kwenye hoteli, na kampuni ndogo zinazowauzia wenye hoteli mafuta na vipuri. Hao ni Wanamara, wanapenda mpira, na timu haijawahi kufika walipo. Kutoka Mugumu hadi Karume, jua kali, barabara ambayo ujenzi wake wa lami umechukua miaka, kisha kurudi usiku: ni siku nzima ya kazi iliyopotea kwa tiketi moja. Tarime wana nafuu ya lami hadi Daraja la Kirumi na Musoma, lakini nauli ya kwenda na kurudi bado ni kubwa mara kadhaa kuliko kiingilio chenyewe.

Ningekuwa kwenye uongozi wa timu ningeanza na Sirari. Pale jezi za Simba, Yanga, Gor Mahia na Arsenal zinauzwa meza moja. Ya Biashara United iwekwe mezani hapo kabla ya msimu kuanza, kwa bei ambayo mchuuzi anapata faida yake na klabu inapata yake, maana mchuuzi huuza kinachomlipa. Halafu kadi ya uanachama ya shilingi 1,000 kwa mwezi, inayolipwa kwa simu. Mara ina watu zaidi ya milioni 2.3 kwa sensa ya 2022. Wakipatikana 10,000 tu, ni milioni 10 kila mwezi: safari moja ya Dar es Salaam imelipwa na chenji imebaki. Michezo ya kirafiki na ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini ipelekwe Tarime na Mugumu. Na hesabu zibandikwe ukutani, Musoma, Tarime na Mugumu, kila robo mwaka. Mkulima wa kahawa wa Tarime amekatwa makato ya kila aina kwenye ushirika maisha yake yote. Hatatoa tena bila kuonyeshwa risiti, na asilaumiwe.

Mwaka 2024 Biashara United ilipambana hadi mechi za mtoano wa kupanda, ikazuiwa na Tabora United. Mwaka huohuo Pamba Jiji ya Mwanza ilirudi Ligi Kuu. Mshabiki wa Tarime anayetaka kuiona Ligi Kuu kwa macho yake sasa anapanda basi kwenda Mwanza, analipa nauli, chakula na kiingilio huko, na jezi anayoivaa bado ni ya timu ya Dar es Salaam.