Kumtafuta Babu Aliyepotea Chetambe

Wajukuu zangu, mkitoka hapa Kakamega kwa barabara ya Kitale mtafika Webuye, na juu ya mji huo kuna mlima uitwao Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walipambana na Waingereza pale. Waliouawa walikuwa na majina, na mama zao waliwaita kwa majina hayo kila jioni, lakini walioandika habari za vita hawakuyaandika.

Kisa kilianzia kwenye bunduki. Ofisa wa Kiingereza, C. W. Hobley, aliyekaa Mumias kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, aliwadai Wabukusu bunduki zilizoingia mikononi mwao. Askari waliotumwa kuzichukua wakauawa. Hobley akarudi na jeshi kubwa: Wasudani, Waganda, Wamasai, na Wawanga wa Mumia. Wakaliangusha boma la Lumboka, kisha wakapanda Chetambe. Ukuta wa udongo na handaki, vilivyowazuia maadui wa mikuki miaka mingi, havikufua dafu mbele ya risasi. Ng'ombe wakaswagwa, na wanawake na watoto wakatekwa. Kwa hiyo mtu anayetajwa kuwa alipotelea huko huenda hakufa. Huenda uzao wake uko mbali, na wao hawajui walikotoka.

Sasa, kama kwenu kunasimuliwa babu wa namna hiyo, msianze na jina lake, maana majina yetu hurithiwa, na akina Wafula ni wengi. Anzeni na ukoo, kisha ulizeni rika lake la tohara. Wabukusu wana marika manane yanayozunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, kisha Kolongolo tena. Kolongolo walitahiriwa kuanzia 1900, na jina hilo likarudi mwaka 2000. Kijana aliyeshika mkuki mwaka 1895 basi alikuwa Sawa, au Chuma kama alikuwa amekomaa. Hapa kuweni makini sana: waliotahiriwa miaka ya 1990 nao ni Sawa. Mzee akisema "Sawa", muulizeni ni Sawa gani, wa zamani au wa juzi.

Halafu ulizeni alioa ukoo gani. Akina kukhu, yaani bibi zetu, wengi hukumbuka zaidi mahari ilikopelekwa kuliko mahali mtu alipozikwa.

Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwapeleka watu Chetambe kuwaomboleza wafu wao. Miaka 52 ilikuwa imepita, na wengine walikuwa wangali hai walioyaona yale kwa macho yao. Wazee hao hawapo tena. Gideon Were alizunguka akiwasikiliza wazee wa Magharibi, na mwaka 1967 akachapisha kitabu cha historia ya Abaluyia; kitafuteni maktabani.

Nanyi watoto wa Mumias, msidhani habari hii si yenu. Babu zenu walikuwa upande wa pili wa ukuta ule, na huenda kwenu ndiko kunakojulikana mateka walipelekwa wapi. Waulizeni wazee bila kuwashutumu.

Likizo ya Agosti inakuja. Chukueni daftari, andikeni ukoo, rika, aliyemwoa na alikooa, na jina la mzee aliyewasimulia. Nendeni mapema, kabla mzee huyo hajaondoka.